Hermann von Wissmann na Majina ya Vita: Afisa wa Prusia katika Kumbukumbu za Kijerumani na za Kiswahili

Vita vilivyopiganwa katika pwani ya Mrima kati ya 1888 na 1890 vina majina mawili. Nchini Ujerumani viliitwa “uasi wa Waarabu”. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa upande wa Tanga, unajulikana kwa anwani inayovitaja kuwa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Jina la kwanza linachukulia kwamba mamlaka halali yalikwisha kuwapo na wenyeji wakayavunja. La pili linaeleza kwamba mamlaka hayo ndiyo yaliyokuwa yakitwaliwa kwa nguvu. Makala haya yanafuatilia maisha ya afisa aliyeviongoza vita hivyo kwa upande wa Wajerumani, na kuonyesha kwamba wasifu wake hauwezi kukamilika pasipo ushahidi wa Kiswahili.

Hermann Wissmann alizaliwa tarehe 4 Septemba 1853 mjini Frankfurt kwenye mto Oder, katika ufalme wa Prusia. Alilelewa katika malezi ya kijeshi, na mwaka 1874 alikuwa luteni katika kikosi kilichokaa Rostock. Huko alijuana na Paul Pogge, msafiri aliyekwisha kufika Afrika ya Kati, na urafiki huo ukabadili mwelekeo wa maisha yake. Kati ya 1880 na 1882 wawili hao walisafiri kutoka Luanda hadi Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Pogge alirudi nyuma. Wissmann akaendelea kuelekea mashariki na kutokea Saadani mwishoni mwa 1882.

Sehemu ya pili ya safari hiyo ilipita katika njia za misafara ambazo wafanyabiashara wa pwani na wapagazi wa bara walikuwa wamezizoea kwa miongo kadhaa. Nyangwe yenyewe ilikuwa kituo cha biashara cha watu wa pwani, na Kiswahili kilikuwa kimefika huko kabla ya Wissmann. Kinachoitwa uvumbuzi katika vitabu vya Ulaya kilitegemea, kwa kiasi kikubwa, maarifa ya watu wengine. Baadaye Wissmann alimtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, akaanzisha kituo cha Luluabourg mwaka 1884, ambacho leo ni mji wa Kananga nchini Kongo, kisha akalivuka bara kwa mara ya pili.

Sifa za msafiri ndizo zilizompa kazi ya vita. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani kwa mkataba. Wakazi wa miji ya Mrima hawakuwa sehemu ya mapatano hayo. Agosti mwaka huo, maofisa wa kampuni walipoanza kutwaa madaraka, upinzani ulilipuka Pangani na kuenea pwani. Januari 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2, na hoja iliyosisitizwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Hapa jina la “uasi wa Waarabu” lilifanya kazi ya kisiasa: liliwaficha Waswahili wa mijini, wapagazi na watu wa bara walioshiriki, likabakiza sura moja tu ya adui, yaani Mwarabu mfanyabiashara ya watumwa.

Wissmann aliteuliwa kuwa kamishna wa Dola. Jeshi lake halikuwa la Wajerumani isipokuwa kwa uongozi. Alikodi Wasudani takriban 600 mjini Cairo, wengi wao wakiwa wamewahi kutumikia jeshi la Misri, na wengine kutoka Msumbiji walioitwa Wazulu. Athari ya jambo hili inaonekana katika lugha. Vyeo kama ombasha na shaushi, ambavyo kamusi za Kiswahili za zamani zimevihifadhi, vina asili ya Kituruki na vilitumika katika jeshi la Misri. Afisa wa Prusia aliamrisha kikosi ambacho ngazi zake za chini zilitajwa kwa msamiati wa Waturuki.

Tarehe 8 Mei 1889 jeshi hilo liliivunja ngome ya Abushiri bin Salim karibu na Bagamoyo. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo. Bwana Heri wa Saadani alisalimu amri mwaka 1890, na Wissmann akapewa hadhi ya ukabaila. Mwaka 1895 alirudi akiwa gavana. Katika kipindi chake Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa, tukio ambalo nalo lilitungiwa shairi la Kiswahili. Mwaka 1896 alitoa amri ya kuhifadhi wanyamapori, kisha akaondoka kwa sababu ya afya. Alikufa Austria tarehe 15 Juni 1905 kwa ajali ya bunduki akiwa mawindoni.

Ushahidi wa Kiswahili haukutoka kwa wapinzani peke yao. Salim bin Abakari, aliyewatumikia Wajerumani, alisimulia safari ya kupeleka meli ya Wissmann katika ziwa Nyasa, na Carl Velten akaichapisha simulizi hiyo mwaka 1901. Hivyo kuna sauti ya aliyepinga na ya aliyetumikia, zote zikiwa za zama zilezile. Utenzi una kanuni zake za kisanaa, na simulizi ya Salim ilipita mikononi mwa mhariri Mjerumani. Lakini ripoti za Wissmann pia ziliandikwa kwa ajili ya wafadhili na bunge. Kila chanzo kinastahili mizani ileile.

Mwaka 1909 Wissmann alisimamishiwa sanamu Dar es Salaam. Chini yake alichongwa askari Mwafrika asiye na jina, akimtazama bwana wake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sanamu ilipelekwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Mjadala wa sanamu na wa malikale zilizochukuliwa enzi hizo unaendelea, na mara nyingi unategemea nyaraka za Kijerumani.

Kwa washauri wa sera mambo mawili yanafuata. Kwanza, mitaala na maonyesho ya makumbusho yaeleze asili ya neno “uasi” kabla ya kulitumia. Pili, tenzi na simulizi za kipindi hicho zihaririwe upya, zifafanuliwe na kufundishwa katika masomo ya historia, si katika fasihi pekee. Mwanafunzi wa Bagamoyo au wa Kananga atakayemsoma Wissmann kwa ripoti zake tu atakuwa amesikia upande mmoja wa shauri.