Gazeti: neno na historia yake katika Kiswahili

Gazeti (wingi magazeti, ngeli ya LI-YA) ni neno lililotufikia kwa njia ya Kiingereza. Asili yake ni Venice, ambako gazeta ilikuwa sarafu ndogo iliyohusishwa na bei ya karatasi za habari. Jarida limetoka katika Kiarabu, ambamo kwanza lilikuwa kuti la mtende lililoondolewa majani. Waarabu hulitumia kwa gazeti. Sisi tumelitengea chapisho la vipindi virefu zaidi, hasa la kitaaluma.

Magazeti ya mwanzo ya Kiswahili, hata hivyo, hayakujinasibu kwa neno lolote kati ya hayo. Msimulizi lilianza mwaka 1888 katika shule ya misheni ya Kianglikana, Kiungani, Unguja. Jina hilo lamwelekea msikilizaji kuliko msomaji, na ndivyo ilivyofaa, kwa kuwa habari nyingi zilikuwa barua za walimu na wanafunzi waliotawanyika katika vituo vya misheni. Katika muongo uliofuata kikaja Habari za Mwezi, huko Magila.

Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, lilikuwa na uzito wa namna nyingine. Lilipeleka bara Kiswahili cha herufi za Kirumi, wakati pwani ilikuwa imeandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Wahariri walikuwa Wajerumani. Walimu na makarani wa Kiafrika ndio waliojaza kurasa. Vita Kuu ya Kwanza ikalizima.

Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi, Dar es Salaam. Upinzani haukupata nafasi humo, ila ushairi uliipata, na Shaaban Robert ni miongoni mwa waliochapishwa. Pengine hilo liliifaa lugha kuliko maagizo yote ya usanifishaji.

Mwafrika kumiliki gazeti lake mwenyewe Tanganyika kulisubiri hadi 1937, Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alipotoa Kwetu. Kisarufi, kwetu ni kimilikishi cha mahali (ku- na -etu) kinachoweza kusimama bila nomino: “Karibu kwetu.” Msomaji wa wakati huo hakuhitaji kuelezwa ni kwa nani.