Fungu, si Tume

Kipeperushi kilichonifikia kiliandaliwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani, wengi wao ndugu zetu wa Kongo. Kilikusudia kuwaambia jambo dogo tu: kwamba anayewaandikisha bima ya afya huenda analipwa na kampuni ya bima kwa kila jina analolipeleka. Mfasiri, au jopo lililomsimamia, akaandika "wakala wa tume". Nilidhani ni kosa la chapa. Kumbe neno limerudiwa ukurasa mzima, na chini yake msomaji anahakikishiwa kwamba "tume haiongezi gharama yako".

Mtanzania akisikia wakala wa tume atauliza uchaguzi ni lini. Kwenye vituo vya kupigia kura vyama ndivyo vyenye mawakala, na Tume ndiyo inayosimamia. Wakala wa tume, basi, ni kiumbe ambaye akionekana kituoni patazuka kesi. Mtu wa Goma naye hasaidiki. Kwao anayetafutia watu nyumba ni komisyoneri na malipo yake ni komisyo, na tume aijuayo ni ileile ya kura.

Aliyechagua tume hakukosea nasaba, hilo nampa. Tume inatokana na kutuma, na neno la Kizungu lililofasiriwa, commission, linarudi hadi kitenzi cha Kilatini mittere, ambacho nacho ni kutuma. Ameona undugu wa mbali akafurahi. Lakini undugu si maana. Mtume, mtumwa na mtumishi wametoka tumbo moja, na sijaona anayempa mmoja kazi ya mwenzake. Kiswahili kimekwisha kuamua kwamba tume ni watu waliotumwa kuchunguza au kusimamia jambo. Haiwezi tena kuwa pesa.

Upande wa pili wapo wenzangu waliokalia vikao vingi kuliko mimi, wanaosema tuandike kamisheni tukalale. Hao wameukimbia ugonjwa wakarudi nao nyumbani. Pale Zanzibar ipo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Addis Ababa ipo Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Sijasikia kwamba hizo hulipwa kwa kila kichwa. Neno lililoshindwa kutenganisha chombo na malipo huko lilikotoka, sisi tunalibeba pamoja na kasoro yake, kisha tunaita hilo usanifishaji.

Na wakala mwenyewe? Kwa Waarabu wakala ni ile kazi ya kuwakilisha. Mtu anayeifanya ni wakili. Sisi tukamvisha wakili joho la mahakamani, halafu wakala tukamgawa kila mahali: anayetoa pesa za simu kibandani, anayelinda kura za chama, hata taasisi nzima ya serikali, kama TARURA, ambayo ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Dalali alikuwa na nasaba nzuri zaidi. Mzizi wake ndio uliotupa dalili, kwa hiyo kwa asili ni mwonyesha njia, na hadi leo mahakama zina madalali wake wanaotekeleza hukumu na kunadi mali. Ila mtaani Dar es Salaam dalali ni yule anayekudai kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha chumba ambacho kibao chake ulishakiona mwenyewe barabarani, na bado kwenye bei ameweka cha juu. Jina hilo limechafuka, sitalitetea. Bima nayo ilitufikia kutoka Bara Hindi, na nyuma ya Kihindi kuna Kiajemi bim, yaani hofu. Ukimvua nguo za lugha, wakala wa bima ni mwakilishi wa hofu. Kampuni hazitaliweka hilo kwenye matangazo.

Pendekezo langu kwa yale malipo ni fungu. Mama muuza nyanya anapanga mafungu. Kanisani kuna fungu la kumi. Bungeni Wizara ya Afya inaombewa fedha zake kwa Fungu 52. Pote huko fungu ni sehemu iliyotengwa kutoka kwenye kikubwa zaidi, na mwenyewe anajulikana. Wakala wa aina hii hana mshahara, na mteja hamlipi kitu mkononi. Anakatiwa kipande kwenye mchango ambao mteja ameshautoa. Sijui Kiswahili kina neno gani jingine linalolisema hilo kwa silabi mbili. Bwana mmoja mwenye cheo kunizidi aliniuliza kikaoni, kwa kuwa fungu ni pia kisiwa cha mchanga, kama mawakala wa bima watahamia Fungu Yasini. Watu wakacheka. Huyo huyo ndiye mtetezi wa kamisheni.

Kama kuna mahali panapothibitisha fungu ni hukohuko Marekani kilikotoka kipeperushi. Sheria ya afya aliyoitia saini Barack Obama tarehe 23 Machi 2010 ilizibana kampuni za bima: kuanzia 2011, katika kila dola 100 za michango ya watu binafsi na makundi madogo, angalau dola 80 ziende kwenye matibabu na kuboresha huduma, na kwa makundi makubwa dola 85. Zikipungua, tofauti inarudishwa kwa wateja. Swali likawa: malipo ya wakala yahesabiwe fungu gani? Yakaingizwa kwenye lile dogo, pamoja na mishahara, matangazo na faida. Vyama vya mawakala vililalamika hadi bungeni yatolewe humo, havikufanikiwa. Kampuni nyingi zikapunguza malipo, zikaacha asilimia na kulipa kiasi maalumu kwa kila mtu kwa mwezi. Ugomvi wote ulikuwa wa mafungu. Uandike kwa neno tume uone kama utauelewa.

Sheria hiyohiyo ilileta mshindani wa wakala: mwelekezi (navigator), anayelipwa kwa ruzuku na kukatazwa kupokea chochote kutoka kwa kampuni za bima. (Kipeperushi kinamwita nahodha. Meli hakikuionyesha.) Wapo waliotabiri kwamba mwelekezi angemzika wakala. Lakini ruzuku za waelekezi kwenye soko la bima linaloendeshwa na serikali kuu zilishuka hadi dola milioni 10 mwaka 2018, zikapanda hadi milioni 80 mwaka 2021, na 2025 ikatangazwa zirudi milioni 10. Fungu la wakala ni dogo ila halingoji nani ameshinda uchaguzi, na kwenye soko hilo wengi wa wanaosaidiwa kujiunga wanasaidiwa na mawakala.

Huku kwetu hesabu ni tofauti. Kenya tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwajiriwa anakatwa kwa ajili ya bima ya afya ya serikali asilimia 2.75 ya mshahara wake ghafi kabla haujamfikia. Hapo hakuna wa kushawishiwa, kwa hiyo hakuna fungu. Wakala wa bima binafsi anabaki kuuza nyongeza kwa wenye uwezo. Anayehitaji kushawishiwa ni wa bodaboda na mama wa kibanda, ambao wanatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, lakini mtu wa kuwashawishi watu kama hao tulikuwa naye tayari vijijini, kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa: alikuwa akifika na simu yake, akaisimamisha kaya ukutani, akapiga picha mmoja mmoja hadi watu sita, akapokea shilingi 30,000, kisha akaeleza kwa upole kwa nini mtu wa saba hayumo. Alilipwa kwa asilimia ya alichokusanya. Tuseme ni moja ya kumi: shilingi 3,000 kwa asubuhi nzima ya maneno. Wakubwa wamemwita "afisa mwandikishaji". Afisa gani asiye na mshahara wala ofisi? Wamempa cheo ili wasitaje malipo, na bajeti ya bima kwa wote ikipangwa ataonekana hana gharama.

Kuhusu matumizi: wakala wa fungu, mawakala wa fungu, fungu la mwaka wa kwanza, fungu la kuhuisha, kulipwa kwa fungu, kukatiwa fungu. Kula fungu nisingeshauri, maana waandishi wa habari watalidaka vibaya.