Politekniki ya Kijiji Ilifunza Mikono, Ikasahau Mfuko

Tuseme ukweli. Ukiambiwa fulani amejiunga na politekniki ya kijiji, akili yako inakimbilia wapi? "Ah, huyo alianguka mtihani." Hakuna anayeuliza anasomea nini. Hiyo dharau tumeizoea mpaka tunadhani ilizaliwa na sisi, lakini ina historia ndefu kushinda ya wazazi wetu.

Na hivi vyuo si kitu kidogo. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, pale kazi za kaunti zimeorodheshwa. Politekniki za vijiji zimetajwa kwa jina, sambamba na elimu ya chekechea. Siku hizi vinaitwa vituo vya mafunzo ya kiufundi, lakini jina la kale liko ndani ya sheria kuu ya nchi. Swali langu ni hili: kama ni muhimu hivyo, mbona tunaviona kama jaa la waliokosa?

Turudi miaka ya 1920. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikichunguza elimu ya Waafrika. Ilipendekeza elimu inayoendana na maisha ya kijiji: kilimo, afya, useremala, kazi za nyumbani. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kufundisha walimu wa kwenda kuinua vijiji. Hapo hapo Kabete kukawa na kituo cha serikali cha kufunza mafundi wa Kiafrika, waashi na maseremala.

Kwa karatasi inasikika poa, si ndiyo? Shida ni kilichokuwa nje ya darasa. Ulifunzwa kilimo bora, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kupanda kahawa. Majaribio madogo yalianza Meru, Embu na Kisii miaka ya 1930, na mlango ukafunguka kwelikweli baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Ulifunzwa useremala, lakini kulikuwa na sheria zilizofanya iwe vigumu mfanyabiashara kumdai Mwafrika deni kubwa mahakamani. Walisema ni za kumlinda. Matokeo yake ni kwamba hakuna aliyetaka kumkopesha. Yaani mkono ulipewa kazi, mfuko ukashonwa.

Wazee waliona hiyo hesabu mapema. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, wazazi wa Kati walianza kujenga shule zao huru na wakataka watoto wafunzwe Kiingereza na masomo ya vitabu, yale yaliyofungua mlango wa ofisi. Watu husema eti hapo ndipo Waafrika walianza kudharau kazi ya mikono. Mimi sikubali. Walikuwa wakichimba, wakifuga na kufua chuma kabla mzungu hajafika. Walichokataa ni kufungiwa kwenye kazi ya mikono huku faida ikienda kwa mwingine.

Sasa ruka hadi baada ya uhuru. Shule za msingi zilijaa, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache, hata na zile shule za Harambee zilizojengwa kwa michango ya wanavijiji. Kila mwaka maelfu ya vijana walimaliza darasa la saba na kukosa pa kwenda. Wengi walipanda basi kuja Nairobi kutafuta kazi ambazo hazikuwepo. Mwaka wa 1966 baraza la makanisa, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza kitu kimoja: baada ya shule, je? Jibu lake lilikuwa politekniki ya kijiji.

Wazo lenyewe lilikuwa kali. Chuo kidogo, gharama ya chini, kinachosimamiwa na kamati ya wenyeji. Kabla ya kuanza kozi, angalia kwanza watu wa hapo wanahitaji nini. Kama wanajenga, funza uashi. Kama wananunua nguo mbali, funza ushonaji. Kijana amalize, abaki, apate riziki pale pale. Lengo halikuwa cheti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikaingia kusaidia, na vyuo vikaongezeka.

Halafu ikaja ripoti ya shirika la kazi duniani, ILO, ya 1972, iliyochunguza ajira Kenya. Ilisema mafundi na wachuuzi wadogo si watu wanaosubiri kazi, wako kazini tayari, ila serikali inawahangaisha badala ya kuwasaidia. Hao ndio tunawaita jua kali leo.

Sasa mbona mambo hayakuenda vile ilipangwa? Moja, wazazi walitaka cheti, na siwalaumu, kwa sababu kila mwajiri alikuwa anauliza cheti. Pole pole vyuo vikaanza kufunza kwa ajili ya mtihani wa serikali wa ufundi badala ya soko la kijijini. Mbili, na hapa ndipo sioni tukizungumza vya kutosha: ufundi ulifunzwa chumba kimoja, na pesa ikafunzwa kwingine kabisa.

Kwingine wapi? Kwa akina mama. Miaka hiyo hiyo ya 1960, wanawake wa Kati walikuwa na vikundi vya mabati. Walikuwa wakilima mashamba ya watu pamoja, wanaweka malipo kwa kapu moja, wananunua mabati ya kuezeka nyumba ya mmoja, kisha ya mwingine, mpaka kila memba ametoka kwenye nyasi. Paa la mabati likaleta maji ya mvua, maji yakapunguza safari ya mtoni. Hiyo ni elimu ya fedha: kuweka akiba, zamu, rekodi, faini ya anayechelewa, na kuchagua kitu kinachorudisha faida. Hawakupewa cheti, na hakuna aliyewaita darasani wafunze vijana.

Fikiria kama wangeitwa. Binamu yangu alisomea ushonaji miaka miwili katika chuo kimoja ushago. Alitoka akijua kukata kola vizuri sana. Kuweka bei? Hakuna somo. Mwaka wa kwanza alishona sare za watoto wa kijiji kizima na bado akakosa pesa ya kununua kitambaa kingine. Aliyemwokoa ni mamake, ambaye ni mweka hazina wa chama. Alimkalisha chini na daftari: hii ni ya kitambaa, hii ni ya mashine, hii ni yako, na hiyo ya kitambaa hata ukiwa na njaa usiiguse. Somo la jioni moja, na chuo hakikuwa nalo kwa miaka miwili.

Usidhani ni mambo ya ushago pekee. Fundi wa mtaani kwenu anakuuzia kitanda 9,000. Mbao, misumari na vanishi, 5,500. Inabaki 3,500. Kama amefanya kazi siku nne, hiyo ni 875 kwa siku, kabla ya kodi ya kibanda na mkokoteni. Akipokea malipo ya kwanza na kulipia nayo deni la dukani, kitanda chako kitachelewa, na utamwita mwongo. Mara nyingi si uongo, ni hesabu ambayo hakufunzwa.

Na kizazi chetu kina hatari mpya. M-Pesa ilikuja 2007, na mikopo ya simu ikafuata. M-Shwari ilipoanza 2012, ada ilikuwa 7.5% kwa siku 30. Kwa 1,000 ni bob 75, unaona ni kidogo. Rudia kila mwezi kwa mwaka, umelipa 900 kwa kukopa elfu moja ile ile. Wakati wa ukoloni mkopo ulizuiwa usimfikie fundi. Sasa unamfikia kwa sekunde, na bado hakuna aliyemfunza kuusoma.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kaunti zikitaka vyuo hivi vijae, zisianze na rangi mpya ya ukuta. Zianze kwa kuwaita wale mama wa chama, ziwalipe kama walimu, na kila mwanafunzi amalize akiwa na vitu viwili: kitu alichotengeneza akauza, na daftari linaloonyesha pesa yake ilienda wapi. Wanafunzi wa kozi moja waanze chama chao wakiwa bado chuoni, wakimaliza wawe na pesa ya vifaa.

Na sisi tuache ile dharau. Wazee wetu walikuwa na sababu ya kukataa, kwa sababu faida haikuwa yao. Leo hakuna sheria inayomzuia fundi wa kijijini kumiliki kazi yake na pesa yake. Kilichobaki ni kumfunza zote mbili katika chumba kimoja.