Viziwi na Huruma Yetu: Kutoka Tabora hadi Iringa



Kila mwaka mwezi Septemba dunia huadhimisha Wiki ya Viziwi, na tarehe 23 ya mwezi huo ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama. Tarehe hiyo haikuokotwa tu: ni siku ambayo mwaka 1951, mjini Roma, lilianzishwa Shirikisho la Viziwi Duniani. Katika parokia zetu nyingi za Iringa na Mbeya wiki hiyo hupita bila kutajwa hata kwenye matangazo ya baada ya Misa. Kwa sababu hiyo tumeona vema juma hili tuitazame historia ya huduma kwa viziwi katika nchi yetu. Kanisa lina sehemu kubwa katika historia hiyo, na si yote inayopendeza.

Shule ya kwanza ya watoto viziwi nchini ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mjini Tabora mwaka 1963. Uhuru ulikuwa na umri wa miaka miwili. Serikali changa ilikuwa na mengi ya kujenga, na mtoto kiziwi hakuwa katika hesabu ya mtu yeyote isipokuwa ya mama yake. Waliofungua shule ile walifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yao, nasi tunaodumu kunung'unika juu ya michango ya parokia tungefanya vema kukumbuka kwamba ilijengwa na watu waliojinyima. Kwa miaka 11 iliyofuata Tabora ilibaki peke yake, mpaka ilipofunguliwa shule ya Buguruni jijini Dar es Salaam mwaka 1974.

Hebu tufikirie maana ya jambo hilo kwa familia ya Kalenga au ya Tukuyu. Mtoto wa Iringa alipaswa kupanda gari kuteremka Mtera hadi Dodoma, kwa barabara ya vumbi, kisha kushika treni ya Reli ya Kati hadi Tabora. Wa Mbeya alikuwa na njia ya Chunya na Rungwa, kupita mapori ambayo masika huyafunga. Mzazi aliyekuwa na ng'ombe wawili alimuuza mmoja kwa safari ya kwenda tu. Na kulikuwa na hofu ambayo wenye watoto wanaosikia hawaijui: mtoto huyu hawezi kuandikiwa barua akaisoma, hawezi kuulizwa amelala wapi, na akipotea njiani hawezi kutaja jina la kijiji chake. Tusiwahukumu upesi wazazi waliomficha mtoto ndani. Wengine walimficha kwa aibu, ndiyo, lakini wengine walimficha kwa kuwa shule pekee ilikuwa mbali kuliko walivyoweza kufika.

Baadaye shule ziliongezeka na kusogea. Walutheri walifungua ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro. Huku kwetu kusini zikaja ya Mtakatifu Vinsenti pale Ruhuwiko, Songea, na ile ya Njombe, wakati Njombe ikiwa bado sehemu ya mkoa wa Iringa. Kwa mara ya kwanza mtoto kiziwi wa Nyanda za Juu aliweza kusoma mahali ambapo baridi ni ile ile ya nyumbani.

Sasa tuingie darasani. Taasisi ya Tabora ilibeba katika jina lake neno la zamani lililowaunganisha viziwi na mabubu kana kwamba ni kitu kimoja. Jina lilieleza fikra. Iliaminika kwamba kiziwi ana upungufu wa aina mbili, wa sikio na wa ulimi, na kwamba kazi ya huruma ni kuufungua ulimi. Kwa hiyo, kama shule nyingi za Kikatoliki za wakati ule, Tabora ilifundisha kwa njia ya matamshi. Katika njia hiyo mtoto huweka mkono wake kooni pa mwalimu ili ahisi mtetemo, hushika kipande cha karatasi mbele ya midomo aone pumzi ikikipeperusha, hujitazama kwenye kioo, hurudia silabi moja asubuhi nzima. Kisha hufundishwa kusoma midomo ya wengine. Jaribuni nyumbani, wapendwa: simameni mbele ya kioo mseme bila sauti "mama", kisha "baba", kisha "papa". Midomoni ni neno moja. Mtoto alitakiwa kujua, kwa kutazama tu, kama anaambiwa habari za mama yake, za baba yake, au za Baba Mtakatifu.

Wapo walionufaika, hasa waliozaliwa wakisikia na kupoteza usikivu wakiwa wamekwisha kujua kusema. Lakini aliyezaliwa kiziwi alitumia miaka yake ya kujifunza kuhesabu na kusoma katika kujifunza kutamka. Mikono, ambayo ingembebea somo lote kwa dakika chache, ilitakiwa itulie. Ilitulia darasani, bwenini, baada ya sala ya jioni, ilisema. Alama ambazo viziwi wa nchi hii wanazitumia leo zilikua kwa kiasi kikubwa namna hiyo, mtoto akimfundisha mwenzake, na ndiyo sababu kila shule ilikuja kuwa na alama zake.

Fikra hiyo haikuzaliwa Tabora. Inatupasa turudi nyuma, kwa kuwa hapa Kanisa limesimama pande zote mbili. Katika karne ya 16 mmonaki Mbenediktini wa Hispania, Pedro Ponce de León, alikuwa miongoni mwa wa kwanza wanaojulikana kuwafundisha watoto viziwi. Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambaye viziwi humheshimu kama msimamizi wao, alimfundisha imani kijana kiziwi aitwaye Martin kwa ishara. Na yapata mwaka 1760, mjini Paris, Padre Charles-Michel de l'Épée alikutana na dada wawili viziwi, akaingiwa na hofu kwamba watakufa bila kumjua Mungu. Alifanya jambo la unyenyekevu mkubwa: badala ya kuwalazimisha wajifunze lugha yake, yeye alianza kujifunza ya kwao. Shule yake ikawa mama wa shule nyingi za viziwi duniani.

Kisha ukaja mwaka 1880. Walimu wa viziwi 164 walikutana Milano, Italia, na katika hao kiziwi alikuwa mmoja tu. Mwenyekiti wao alikuwa padre, Giulio Tarra. Walipiga kura kwamba matamshi yatangulizwe na alama ziondolewe shuleni. Kura hiyo ilitawala shule za viziwi za Ulaya, na kupitia wamisionari wetu ikafika Afrika, kwa zaidi ya miaka 80. Mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi ulikuja kuusikitikia uamuzi huo rasmi mwaka 2010, katika mji wa Vancouver, Kanada. Tunapenda kuongeza kwamba katika mji huo huo wa Milano, karne 15 kabla, Mtakatifu Agostino aliwahi kumwona kijana kiziwi, mzuri wa umbo na mwenye adabu, aliyezungumza na watu kwa miondoko ya mwili, naye akamtaja katika maandishi yake bila kumwonea haya. Kama wale 164 wangemsoma!

Mabadiliko hapa nchini hayakuletwa na sisi wahudumu. Yaliletwa na viziwi wenyewe. Katika miaka ya 1980 ya mwanzo waliunda Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na mwaka 1993 chama hicho kikatoa kamusi ya lugha ya alama. Miaka 11 baadaye ikatoka nyingine, ya Profesa Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tutafakari jina la chama hicho. Hawakujiita walemavu wa kusikia, wala wenye mahitaji maalumu, walijiita viziwi. Neno hilo limo katika ngeli ya vitu, pamoja na kipofu na kiwete, na wataalamu wa lugha wanaweza kulilalamikia. Wao wamelivaa. Walichokikataa ni "bubu", kwa hoja iliyo nyepesi: sisi tunasema, ila ninyi hamjajifunza kututazama. Na kwa kweli Kiswahili chetu hakiwasaidii. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," tunawaambia watoto, na hapo kusikia maana yake ni kutii. Ni rahisi mno kwa jamii yenye lugha kama hiyo kumdhania kiziwi kuwa mkaidi.

Ndipo tunapofika Iringa. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, msanii Mwingereza, Susie Hart, alianza kazi na vijana viziwi watatu mjini Iringa. Kazi yenyewe iliwachekesha wengi: kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Tembo hula majani na magome na kuyasaga nusu tu, hivyo nyuzi za mimea hubaki katika kinyesi chake. Kikioshwa, kikachemshwa, kikapondwa na kutandazwa kwenye wavu, hukauka kikawa karatasi nzuri yenye rangi ya udongo. Kutoka chumba hicho ilikua Neema Crafts, yenye ufumaji, ushonaji, shanga na kazi nyingine za mikono, pamoja na mgahawa na nyumba ya wageni, na idadi ya watu wenye ulemavu waliopata kazi pale ilipita 100.

Kwetu sisi mgahawa ndio unaofundisha zaidi. Wahudumu wake ni viziwi. Anayeingia ndiye anayejikuta hana lugha. Inambidi aandike anachotaka, au aonyeshe kwa kidole, au ajifunze alama ya chai na ya asante. Mkurugenzi wa idara na mwenye duka, waliozoea kuita "we dada!" kwa sauti kubwa, hapo sauti yao haiwafikishi popote. Tabora ilitaka mtoto kiziwi abadilike ili aingie katika dunia yetu. Mgahawa wa Iringa ulimtaka mteja abadilike kidogo ili anywe chai yake. Na ni msaada kweli kweli, kwani mshahara wa mwezi umewapa vijana wale heshima ambayo sadaka ya Kwaresima haijawahi kuwapa: wameoa, wameolewa, wanasomesha watoto. Hatuoni aibu kusema kwamba katika jambo hili ndugu zetu Waanglikana walituona tumesinzia.

Mbeya nako shirika la Child Support Tanzania limekuwa likiwasomesha watoto wenye ulemavu na wasio nao pamoja, ili mtoto anayesikia akue akijua kwamba mwenzake anasema kwa mikono. Mbeya pia ndiyo yenye hospitali ya rufaa ya kanda yetu, na hapa kuna neno la kuwaambia wazazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 hivi ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na mambo yanayozuilika. Surua inazuilika kwa chanjo. Usaha unaotoka sikioni miezi na miezi, ambao huku kwetu hutiwa mafuta ya moto au maji ya majani, unatibika ukiwahiwa. Homa ya uti wa mgongo huua usikivu kwa siku chache. Na zipo dawa zenyewe, kama streptomaisini ya kifua kikuu na kwinini ikizidi kipimo, zinazoweza kudhuru sikio. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa apelekwe hospitali, si kwa mganga, na wala asisubiriwe "atachelewa kusema kama babu yake." Shimesikio husaidia wengi waliobakiwa na usikivu kiasi. Haimrudishii usikivu asiyebakiwa na kitu, na mzazi wa mtoto huyo anahitaji lugha ya alama mapema, kabla miaka ya kujifunza lugha haijampita mwanawe.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi mapadre. Injili ya Efatha, katika sura ya saba ya Marko, huwa tunaihubiri kama muujiza wa masikio. Tusome tena polepole. Bwana anamtenga yule mtu na makutano, anamtia vidole masikioni, anamgusa ulimi, anatazama mbinguni, anaugua, na hayo yote kabla hajatamka neno. Anaanza na kile ambacho yule mtu anaweza kukiona.

Kiziwi wa parokia zetu hubatizwa, hupata Kipaimara, hufunga ndoa, na mara nyingi huzikwa bila kuwahi kuungama kwa lugha yake. Sheria ya Kanisa haimzuii: kanuni ya 990 inaruhusu kuungama kwa njia ya mkalimani, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Lakini mkalimani aliyepo vijijini kwetu kwa kawaida ni mtoto wa muungamaji, mwenye miaka 10 au 12, ambaye ndiye pekee nyumbani anayejua alama za mama yake. Hakuna mama atakayeungama kupitia kwa mwanawe, wala hapaswi kuombwa. Herufi za vidole padre anaweza kuzijifunza ndani ya wiki moja. Lugha yenyewe huchukua miaka, na walimu wake wapo: ni wale wanaokaa benchi la nyuma kila Dominika, wakisimama wenzao wanaposimama na kuketi wenzao wanapoketi.