Je, Haki Isiyodaiwa Hufa?

Akina mama wengi wa Temeke na Kinondoni wanayajua maneno madogo yanayochapwa kwenye kanga: “K.H.E. – Mali ya Abdulla.” Ni alama ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887. Maneno hayo yanatukumbusha suala tunaloulizwa mara kwa mara: mwenye alama au kitabu akinyamaza miaka mingi huku wengine wakinakili, je, haki yake imekufa?

Jambo hili si geni katika fiqhi. Majalla ya dola ya Uthmaniya, iliyotungwa kati ya mwaka 1869 na 1876 kwa madhehebu ya Hanafi, iliweka kwamba madai mengi hayasikilizwi baada ya miaka 15, na ya asili ya wakfu baada ya 36. Mtoto mdogo na aliye safari ya mbali walipewa udhuru. Lakini Majalla hiyo hiyo ilisema haki haianguki kwa kupita zama. Mdaiwa akikiri mbele ya kadhi, hulipa hata kama muda umepita. Kilichofungwa ni mlango wa mahakama, si dhima ya mtu.

Vipi kuhusu kunyamaza? Kanuni inayonasibishwa kwa Imamu Shafi, ambaye wengi wetu hapa pwani tunafuata madhehebu yake, ni kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema. Ukimya si ruhusa.

Mwaka 1988 Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lilipokutana Kuwait, liliamua kuwa haki za utunzi, uvumbuzi na alama za biashara zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia.

Sheria za Tanzania nazo zinatofautisha. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake, adai asidai. Alama ya biashara ni tofauti: sheria ya mwaka 1986 inataka usajili wake uhuishwe, na isiyotumiwa kwa muda mrefu yaweza kufutwa daftarini. Hivyo mwenye alama asilale.

Basi ndugu anayenakili kanda za mawaidha na kuziuza nje ya msikiti asijitetee kwamba “mwenyewe hajalalamika.” Amtafute, amwombe idhini. Hakimu wa duniani huenda asilisikilize shauri lililochelewa; lakini kwa Allah hakuna shauri linalochelewa.

Wallahu a’lam.