Kuukuu: Asili, Maana na Matumizi Yake

Kiswahili kina maneno mengi ya kutajia vitu ambavyo si vipya. Yako kale, zamani, kongwe, zee, chakavu na kuukuu. Na katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hupokezana hata msikilizaji akadhani ya kwamba yote ni mamoja. Kwa hakika si mamoja. Kila moja lina mizani yake ya kupimia uzee wa kitu, na ayachanganyaye huweza kukihukumia kitu kutupwa hali kilistahili kutunzwa. Neno kuukuu ladhihirisha jambo hili kuliko mengine, kwa kuwa asili yake ni neno la heshima, na matumizi yake ni katika vitu vilivyokwisha heshima.

Mzizi wa neno hili ni -kuu. Katika lugha nyingi za Kibantu mzizi huo una konsonanti katikati yake: Waganda husema -kulu, Wakikuyu -kũrũ, Warundi na Wanyarwanda -kuru. Kiswahili kimeidondosha konsonanti hiyo, wala hakikufanya hivyo katika neno hili peke yake. Mguu wa Kiswahili ni okugulu kwa Waganda na kũgũrũ kwa Wakikuyu. Kadhalika juu ya Kiswahili ni ndugu wa eggulu ya Kiganda na igũrũ ya Kikuyu, maneno yatajayo mbingu. Kwa hiyo hapana shaka ya kwamba -kuu ni neno la Kibantu tangu asili, wala halikuletwa na lugha nyingine yoyote.

Maana ya mzizi huo katika lugha zilizotajwa ni jambo la kuangaliwa. Kwa Wakikuyu -kũrũ ni uzee, wa watu na wa vitu. Kwa Waganda omukulu ni mtu mzima, tena ni mwenye cheo. Kwa Warundi na Wanyarwanda umukuru ni aliyetangulia kuzaliwa, tena ni kiongozi. Yaonekana basi ya kwamba umri na ukubwa vilikuwa jambo moja katika mzizi huu: aliyeishi zaidi ndiye aliyekuwa juu ya wengine. Kiswahili kimeyatenganisha mambo haya mawili. Umbo fupi, -kuu, limeshika ukubwa: mji mkuu, barabara kuu, baraza kuu, mkuu wa mkoa. Umbo lililorudiwa, -kuukuu, limeshika uzee peke yake, tena uzee wa aina moja tu, yaani ule uletwao na kutumika.

Kurudia neno ni desturi ya Kiswahili, lakini si kila kurudia kuna kazi moja. Anayesema miti mikubwa mikubwa ataja wingi wa miti, kila mmoja na ukubwa wake. Asemaye nguo ina majimaji hasemi kuwa ina maji ya kutekwa, bali ina hali ya unyevu tu; kurudia kumelishusha neno daraja. Katika kuukuu kurudia kumeunda neno jipya kabisa, na dalili yake ni kiambishi. Husemwa mikubwa mikubwa, kiambishi kikitajwa mara mbili; lakini husemwa mkeka mkuukuu, kikapu kikuukuu, majembe makuukuu, kiambishi kikitajwa mara moja tu mwanzoni. Maana yake ni kwamba masikio ya wenye lugha hayasikii tena maneno mawili hapo, bali shina moja. Katika kamusi za awali shina hilo liliandikwa pia -kukuu, irabu ya kwanza ikifupishwa, na hilo nalo laonyesha jinsi sehemu zake mbili zilivyokwisha kushikamana. Katika matumizi ya siku hizi hata kile kiambishi kimoja huachwa mara nyingi, na watu husema viatu kuukuu, vyuma kuukuu, kana kwamba neno halina upatanisho.

Vitu vinavyoitwa kuukuu ni vile ambavyo mkono wa mtu huvishika na kuvimaliza: nguo, mkeka, tanga, kamba, jembe, mashua, ezeko la makuti. Sharti lake si miaka bali kazi. Kanzu iliyovaliwa kila siku huwa kuukuu kwa muda mfupi, na kanzu iliyokunjwa sandukuni muda mrefu yaweza kutoka ikiwa ya zamani pasipo kuwa kuukuu. Mfano ulio bora zaidi umo katika makaburi ya pwani. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yako makaburi ya nguzo ambayo yalipambwa kwa bakuli za kaure kutoka Uchina, zilizopachikwa katika chokaa. Bakuli iliyopachikwa hivyo ni ya kale, wala haiwi kuukuu, kwa sababu tangu siku ile hakuna aliyeilia wala aliyeiosha. Bakuli ya jikoni iliyonunuliwa juzi, ikimeguka ukingo na kufifia rangi, ndiyo kuukuu.

Kwa sababu hiyo neno hili halipatani na mambo yasiyotumika kwa mkono. Hakuna siku kuukuu, wala hadithi kuukuu, wala ugomvi kuukuu. Ugomvi huwa wa kale, na methali isemayo mavi ya kale hayanuki yategemea maana hiyo: wakati ndio uliofanya kazi ya kuondoa harufu. Wala neno hili halipatani na mtu. Mtu ni mzee. Akizidi ni mkongwe au kikongwe. Bali kumwita kuukuu ni kumtukana, kwani ni kumhesabu miongoni mwa vyombo, kama kwamba alikuwako kwa ajili ya kutumiwa na sasa kazi imekwisha.

Kale nalo lina mizani yake, nayo ni wakati. Wanyarwanda na Warundi husema kera, na Wagiriama husema kare. Kitu cha kale hakina haja ya kuchakaa. Chatosha kuwa mbali. Ndiyo maana neno hili liliweza kuingia katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 iliweka mpaka: majengo na vitu vilivyofanywa na watu kabla ya mwaka 1863 vikahesabiwa kuwa vya kale, na milango ya mbao iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya mashariki kabla ya mwaka 1940 ikapewa hifadhi yake. Mambo yawili hudhihirika hapo. Kwanza, kale yaweza kupewa tarakimu, hali kuukuu haiwezi, maana hakuna mwaka ambao vitu vyote huchakaa kwa pamoja. Pili, mlango mmoja waweza kuitwa kwa maneno mawili kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba auonaye umeliwa na mchwa husema ni mkuukuu, na kufikiri juu ya kuuza au kuchanja kuni. Sheria yasema ni wa kuhifadhiwa, na kumkataza. Ugomvi wao si juu ya mlango, bali juu ya mizani.

Kongwe ni neno la tatu, na mizani yake ni kudumu. Kitu kikongwe kimezeeka lakini kingali kipo, na aghalabu neno lina sifa ndani yake. Sehemu ya zamani ya mji wa Unguja yaitwa Mji Mkongwe, na kwa jina hilo yajulikana na watu wengi tangu ilipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Sehemu kama hiyo katika Mombasa yaitwa Mji wa Kale. Majina yote mawili ni ya heshima. Lau mtu angeuita mmojawapo mji kuukuu, wenyeji wangesikia tusi, ingawa nyumba nyingi ndani yake zimechakaa kweli. Hali ni ile ile kwa Dunga, katikati ya kisiwa cha Unguja, palipokuwa na jumba la Mwinyi Mkuu. Jumba hilo sasa ni gofu. Gofu hilo ni la kale, wala si kuukuu, na jina la mwenyewe limebaki na lile umbo fupi la neno, -kuu, lenye ukubwa.

Mpinzani wa kweli wa kuukuu ni chakavu, litokanalo na kitenzi chakaa. Maneno haya mawili yamekaribiana sana hata yamegawana nchi. Katika Tanzania biashara ya mabaki ya chuma huitwa biashara ya vyuma chakavu. Katika Kenya aghalabu huitwa ya vyuma kuukuu. Tofauti yao ni ndogo lakini ipo. Chakavu, kwa kuwa latoka katika kitenzi, laeleza lililokipata kitu. Kuukuu laeleza daraja kilichofikia. Kitu chakavu chaweza kutengenezwa na kurudi. Kikisemwa kuwa kuukuu, mara nyingi hukumu imekwisha kutolewa.

Jambo la mitumba lathibitisha uzito wa hukumu hiyo. Hapo zamani mtumba ulikuwa robota la nguo au la bidhaa nyingine, mzigo wa mpagazi katika misafara ya kwenda bara. Nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo zilipoenea katika masoko ya Afrika Mashariki, hazikupata soko kwa jina la nguo kuukuu, ingawa kwa maana yake ya asili neno hilo lingefaa. Zilipewa jina la mzigo wake, nguo za mitumba, na baadaye jina likapanuka hata kwa magari. Wauzaji na wanunuzi walilikwepa neno lenye hukumu, wakachukua lisilokuwa nayo. Methali husema kipya kinyemi kingawa kidonda. Na mnunuzi wa mtumba, kwa upande wake, alitaka nguo iwe mpya kwake, ingawa si mpya.

Yabaki maana moja ambayo maneno haya yote hayaigusi barabara: kitu ambacho hakikuchakaa, wala si cha mbali sana, ila mtindo wake umeachwa. Kwa hiki lugha hutumia kiambishi ki- cha namna, kama katika kifalme na kitoto: mavazi ya kizamani, mawazo ya kikale. Kinyume chake ni -a kisasa, na wakati mwingine -a mamboleo. Yafaa kukumbukwa ya kwamba zamani, katika Kiarabu, asili yake ni wakati tu; Kiswahili kimeufanya wakati huo uwe uliopita. Husemwa pia -liopitwa na wakati, na msemo huu wafaa kwa kuwa wakitaja kitu kuwa kimesimama na wakati ndio uliokwenda. Kukiita kitu cha namna hii kuukuu ni kosa la maana, kwani jembe la kizamani laweza kuwa na makali, na wazo la kisasa laweza kuwa limechakaa kwa kurudiwa.

Kosa hili huwa zito zaidi linapowafikia watungaji wa kamusi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake mwaka 1930. Tangu hapo maneno ya Kimvita na ya Kiamu yaliwafikia wasomaji wengi wa bara kwa njia ya tenzi na mashairi, si kwa njia ya mazungumzo. Msomaji akutanapo na mato mahali pa macho, au nti mahali pa nchi, hudhani ya kwamba anasoma lugha iliyokufa, hali maneno hayo ni ya watu walio hai Mombasa. Hata neno kale lenyewe lina ndugu wa kaskazini, kae, ambalo laonekana kuwa la kale kwa sababu tu halimo katika Kiunguja. Hapo umbali wa mahali umehesabiwa kuwa umbali wa wakati. Neno likikwisha kuwekewa alama ya ukale, mwalimu hulikosoa katika daftari, mwandishi huliogopa, na mtoto wa Mombasa hufundishwa kuona haya kwa maneno ya mama yake. Ndipo alama isiyokuwa kweli hapo mwanzo ianzapo kujifanya kuwa kweli.

Washairi, katika mabishano yao, walionyesha njia iliyo bora. Yalipozuka malumbano juu ya vina na mizani baada ya kutolewa kwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, tungo zenye kufuata kanuni za awali zilipata jina la mashairi ya mapokeo. Neno hilo latokana na kupokea. Halisemi kuwa tungo hizo ni kuukuu, wala za kizamani, bali lasema zimetoka mkononi mwa mtu na kuingia mkononi mwa mwingine. Hata asiyezipenda aweza kulitumia pasipo kuzidharau.

Yafaa basi kamusi za Kiswahili zitenge alama nne mahali pa moja: neno la kale, ambalo hakuna alisemaye tena, neno la mahali, ambalo lasemwa lakini si kila pahali, neno la ushairi, ambalo makao yake ni katika tungo, na neno la kizamani, ambalo wazee wangali wakilitumia na vijana wameliacha. Neno kuukuu lenyewe libaki kwa mikeka na matanga. Lugha haichakai kwa kutumika kama nguo ichakaavyo. Neno litumikalo kila siku ndilo lenye uhai, na lile lililowekwa pasipo kusemwa ndilo lisahaulikalo.