Baridi ya Nyanda za Juu haizuii jua: Kinga ya ngozi kwa wanafunzi wenye ualbino

Msimu wa baridi wanafunzi wa Mbeya, Iringa na Mafinga huenda shuleni wakiwa na masweta, na ni vigumu kumshawishi mtu kuwa jua la siku hiyo laweza kumuunguza. Kinachochoma ngozi, hata hivyo, si joto bali ni mionzi ya urujuanimno, ambayo haionekani wala haihisiki.

Mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu anapopanda meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Mbeya uko katika mwinuko wa meta 1,700 hivi, na Iringa karibu meta 1,600. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua hupita utosini katika mikoa hiyo, na mchana usio na mawingu kipimo cha mionzi huvuka 11, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) hukiita cha kupindukia. Mawingu mepesi, kama yale ya Tukuyu, huipitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo.

Kwa wanafunzi wengi rangi ya ngozi ni kinga kubwa. Asiye nayo ni mwenye ualbino. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 16,477 wenye hali hiyo nchini, na saratani ya ngozi, hasa ya uso, masikio, midomo na shingo, ndiyo adui yao mkubwa. Madhara huanza utotoni, miaka mingi kabla ya kidonda cha kwanza, ndiyo maana suala hili ni la shule kabla ya kuwa la hospitali.

Mjini Mbeya jua hufika utosini kati ya saa 6:30 na saa 7 mchana. Huo ndio muda ambao sweta limekwisha kuvuliwa na mtoto yuko uwanjani au njiani kurudi nyumbani. Kipindi cha michezo, kazi za bustani na adhabu za kufyeka nyasi zikiwekwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, mwanafunzi huyu hupata madhara ambayo mwenzake hayapati. Apewe kazi ya kivulini.

Nguo hutangulia mafuta. Shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu na kofia ya pama vinatosha kufunika sehemu kubwa ya mwili. Kapelo huacha masikio na kisogo wazi. Shule inayokataza kofia mstarini kwa sababu si sehemu ya sare haina budi kumruhusu mwanafunzi huyu. Hata California, nchini Marekani, ambako mafuta ya kukinga jua huhesabiwa kuwa dawa, sheria ilirekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili wanafunzi wavae kofia na kujipaka bila cheti cha daktari.

Mafuta yanayofaa ni yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, yapakwe dakika 20 kabla ya kutoka nje na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Yakipakwa nyumbani saa 12 asubuhi, saa 4 yamekwisha nguvu. Chupa lazima iwe kwenye mkoba. Mafuta ya mgando hulainisha tu. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya Kilisun mahususi kwa wenye ualbino, na hugawiwa bure kupitia kliniki zinazotembelea mikoani.

Macho nayo huumizwa na mwanga. Dawati liwe mbele, mbali na dirisha lenye jua kali.

Kidonda au gamba lisilopona kwa wiki kadhaa lipelekwe hospitali mapema, likiwa bado dogo na la kukatwa kwa upasuaji mfupi. Kwa miaka mingi, mgonjwa wa Mbeya aliyechelewa alilazimika kusafiri zaidi ya kilometa 800 kufuata tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.